Nyumba ya Miezi Mitatu Mjini Mbeya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Bwana Katibu ametutaka tuseme machache juu ya jambo lililowasumbua wengi wetu, nalo ni kupata nyumba katika mji wa ugenini kwa mtumishi aliyepelekwa huko kwa kazi ya muda mfupi. Hatutasema habari za kila mji, maana hatukukaa katika kila mji. Twasema habari za Mbeya, kwa kuwa huko ndiko tulikopelekwa mwaka jana kwa kazi ya majuma kumi na moja, na huko ndiko tulikopata hasara ambayo twapenda ninyi msiipate.

Mbeya ni jiji la kadiri. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu 541,603. Ni mji uliokuzwa na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920, na hata leo ni mji wa wapitao, kwa kuwa barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia yapita ndani yake, na reli ya TAZARA ina stesheni yake huko. Basi mgeni wa usiku mmoja hakosi pa kulala. Nyumba za wageni ni tele. Mwenye shida ni mtu wa miezi miwili au mitatu, ambaye si mpita njia wala si mwenyeji.

Tulifika mwanzo wa Juni. Mji uko juu sana, kiasi cha mita 1,700, na mtu wa pwani asiyechukua blanketi atajuta alfajiri ya kwanza. Tulipanga chumba katika nyumba ya wageni upande wa Mwanjelwa kwa shilingi 20,000 kwa siku. Usiku wa tatu tulitwaa kalamu na karatasi, tukaona kwamba siku 77 zitakula shilingi 1,540,000, na chakula hakimo. Posho ilikuwa bado haijafika, na sehemu kubwa ya mshahara tulikuwa tumemwachia mama watoto kwa ajili ya ada ya shule. Ziko pia nyumba zenye samani, ambazo vijana huziita apatimenti, walakini bei yake ilitutisha zaidi. Tukamwendea dalali.

Dalali alitaka ujira wa kutuonyesha nyumba kabla hajatuonyesha hata mlango. Nyumba mbili za kwanza zilikuwa zimekwisha pangwa, naye alijua. Ya tatu ilikuwa Ilomba, chumba na sebule, choo ndani, shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba, mzee wa maneno mazuri, alitwambia kwamba kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Tukamweleza kuwa sisi ni watu wa majuma kumi na moja tu. Akacheka kwa upole, akasema, “Mwanangu, nyumba haijengwi kwa majuma.”

Tukakopa kwa mwenzetu, tukalipa shilingi 600,000, na dalali akachukua 100,000 zake. Tukanunua godoro, mablanketi mawili na jiko la gesi. Yatupasa kusema kweli: pamoja na hayo yote, tulitumia pungufu sana ya gharama ya nyumba ya wageni. Aliye na fedha mkononi asiogope miezi sita kabla hajapiga hesabu. Taabu ni kwamba karani aliye safarini mara nyingi hana fedha hiyo mkononi siku ile inapotakiwa.

Lakini hasara yenyewe ilikuja mwishoni. Kazi ilipokwisha, kodi yetu ilikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa iliyobaki. Juma lile lile alifika mwenzetu mmoja kutoka Lindi, ametumwa kwa miezi mitatu. Tulifurahi, tukamwambia aingie. Mwenye nyumba akakataa. Alisema alitupangisha sisi, hakuwapangisha rafiki zetu. Tukafungua mkataba, tukakuta haukusema neno lo lote. Fedha ya siku zilizobaki hakuirudisha. Siku mbili baadaye mwenzetu alikwenda kwake kama mtu mwingine, akapewa chumba kile kile, akalipa shilingi 600,000 mpya, akalala juu ya godoro letu. Miezi ile mitatu ililipiwa mara mbili, na mara zote mbili kwa mshahara wa karani.

Wengine wetu hudhani iko sheria ya kumzuia mwenye nyumba. Ilikuwako: sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi za nyumba iliondolewa mwaka 2005. Siku hizi kinachokulinda hasa ni maneno yaliyoandikwa katika mkataba wako. Basi kabla ya kutoa senti, omba liandikwe kwamba mpangaji akiondoka mapema aweza kumwachia mtumishi mwenzake siku zilizobaki, kwa kumpa mwenye nyumba habari kwa barua. Lipa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tena mlipe mwenye nyumba mwenyewe, si dalali. Au fanya kama alivyofanya bibi mmoja, karani, tuliyekutana naye Uyole: alitoa shilingi 130,000 kwa mwezi katika nyumba ya 100,000, ili akubaliwe miezi mitatu tu. Alilipa 390,000, akaondoka bila deni wala ugomvi.

Uliza pia kama mita ya LUKU ni yako peke yako, na ni nani achukuaye kodi ya jengo, maana tangu mwaka 2021 hukatwa humo humo katika umeme. Habari za maji usimwulize mwenye nyumba; mwulize jirani, naye akwambie hali ya Septemba na Oktoba.

Ombi letu kwa Chama ni dogo. Bwana Katibu aweke daftari moja, na kila mwanachama anayepelekwa mji mwingine aandike humo tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, na nyumba aliyopanga, ili anayefuata ajue kabla hajapanda basi. Twaanza sisi wenyewe: mwenzetu wa Lindi amekwisha rudi kwao, na godoro, mablanketi na jiko vimehifadhiwa kwa mwanachama mmoja aishiye Soweto, Mbeya. Atakayetumwa huko kabla ya Juni amwone Bwana Katibu apewe barua ya kuvichukua.