Meza Moja kwa Mgonjwa wa Maumivu Sugu

Mwaka 1944, katika hospitali ya kijeshi ya Madigan, jimbo la Washington nchini Marekani, daktari wa usingizi aitwaye John Bonica alikwama. Alikuwa hodari wa kuchoma sindano za ganzi kwenye mishipa ya fahamu, na majeruhi wengi wa vita walipata nafuu mikononi mwake. Lakini walikuwapo ambao kidonda kilishafunga, mfupa ulishaunga, na maumivu hayakuondoka.

Akawaendea wenzake: wa mishipa ya fahamu, wa mifupa, wa magonjwa ya akili. Kushauriana na mmoja mmoja kukawa kwa taabu. Ndipo alipoanza kuwakusanya wakati wa chakula cha mchana, wawajadili wagonjwa hao kwa pamoja. Kliniki nyingi za maumivu zilizopo leo duniani asili yake ni meza ile.

Bonica aliyajua maumivu sugu mwilini mwake. Alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa cha Filicudi, Italia, akakulia New York, na karo ya udaktari aliitafuta ulingoni, akipigana mieleka huku amefunika uso. Mieleka ilimwachia viungo vilivyomuuma hadi alipofariki mwaka 1994.

Mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa kuhusu tiba ya maumivu. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akaanzisha kliniki pamoja na muuguzi Dorothy Crowley na daktari wa upasuaji wa ubongo Lowell White. Kwamba muuguzi alikuwa mwanzilishi, wala si msaidizi, ni jambo la kuzingatiwa.

Mwanasaikolojia wa chuo hicho, Wilbert Fordyce, aliona kisichoonekana kwenye picha ya eksirei. Mgonjwa akiumwa hulala. Akilala hupewa dawa na kubembelezwa. Siku zikipita misuli hulegea na kila hatua humtia hofu. Yeye na wenzake wakaugeuza utaratibu. Dawa ikatolewa kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa aombe, na ikapunguzwa kidogo kidogo. Mazoezi yakapangiwa kiwango, na pumziko likaja kiwango kikitimia. Mume au mke naye akafundishwa namna ya kumsaidia mwenzake asimame, badala ya kumfanyia kila kitu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mada hii. Maumivu yakipita miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu, na kufikia hapo mara nyingi yameshagusa usingizi, kazi, ndoa na mfuko. Mishipa ya fahamu na ubongo wenyewe huweza kuwa vyepesi mno kushtuka. Daktari mmoja, hata awe bingwa, hushika upande mmoja tu.

Marekani yenyewe haikuulinda urithi huo wa kazi ya timu. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za bima zilipendelea kulipia vidonge na sindano kuliko wiki kadhaa za kazi ya timu, na kliniki nyingi za aina hiyo zikafungwa. Wakati huohuo dawa za jamii ya afyuni zikamiminika, na vifo vikafuata. Ni hasara inayouma kuitaja.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwamba kazi inaweza kugawanywa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini katika tiba shufaa. Mofini haitibu mgongo wa mkulima uliouma miaka sita; kinachofaa kuigwa ni ule moyo wa kumwamini muuguzi. Na migongo ni mingi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani kote walikuwa na maumivu ya kiuno.

Katika hospitali nyingi za wilaya, daktari, muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia na afisa ustawi wa jamii tayari wako chini ya paa moja, lakini mgonjwa huwazungukia kwa zamu, kila mlango akianza hadithi upya. Mada hii inaiomba semina hii ianzie hapo: saa moja kwa wiki, faili moja mezani, na mgonjwa mwenyewe akiwa ameketi miongoni mwao, aulizwe kwanza anataka kurudi kufanya kazi gani.