Kompyuta Inayochelewa Kuwaka: Tupime Kwanza



Kompyuta za Linux zikichelewa kuwaka, kipindi huliwa, na wako wanaosema zitupwe. Mimi nasema tupime kwanza.

Mfumo wa systemd, uliotolewa mwaka 2010, ndio huwasha kompyuta nyingi za Linux. Andikeni amri systemd-analyze. Mtapata muda wote uliotumika. Mkiongeza neno blame, mtaona kila huduma na muda wake. Lakini msihukumu upesi, maana huduma nyingi huanza kwa pamoja. Ofisini, faili likikwama, hatumtafuti karani mwenye kazi nyingi. Tunatafuta meza ambayo wote wanaingoja. Meza hiyo huonyeshwa na systemd-analyze critical-chain.

Mara nyingi ni NetworkManager-wait-online.service, inayongoja mtandao. Kama hakuna kinachouhitaji mtandao wakati wa kuwaka, izimeni: sudo systemctl disable, kisha jina hilo. Kama diski ni ya kuzunguka, kuweka SSD ni nafuu kuliko kununua kompyuta mpya.

Wanafunzi, pimeni, rekebisheni jambo moja, kisha pimeni tena.