Tunda la Mtende na Maradhi ya Tezi Dume

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia jambo ambalo wazee wetu hulionea haya, nalo ni maradhi ya tezi dume. Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, tulimruhusu muuzaji mmoja asimame mbele ya jamaa. Alikuwa na chupa za vidonge alivyosema vimetengenezwa kwa tunda la mtende. Akakumbusha habari ya Bibi Maryam (a.s.) na tende mbivu, kisha akadai kuwa vidonge hivyo huponya tezi dume na hukinga saratani yake. Sisi tuliosoma Kiarabu miaka mingi tulikuwa tukiitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza chupa akasoma kilichoandikwa.

Mzee wetu mmoja, anayekaa vijiji vya juu mlimani, alizinunua chupa hizo kwa fedha za ndizi na kahawa yake, akazitumia karibu mwaka mzima. Usiku alikuwa akiamka mara nne au tano, na mkojo ukitoka kwa kukatikakatika. Kisha usiku mmoja ukaziba kabisa. Aliteremshwa hospitali kwa gari la kukodi, akilia kwa maumivu, akawekewa mpira wa mkojo, na alikaa nao mpaka alipofanyiwa upasuaji. Alhamdulillahi, yu hai. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameacha kuja msikitini kwa miezi, nasi tukidhani ni baridi ya mlimani. Kumbe alichelea kudondosha mkojo kwenye mkeka.

Laiti angetuuliza, au sisi tungemuuliza, angejua kuwa sheria imemfungulia mlango. Mtu asiyeweza kuuzuia mkojo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha huswali, na kinachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakimdhuru. Masuala haya tunawasomesha watoto madrasa kila mwaka, na wazee wanaoyahitaji hatuwaambii!

Sasa turudi kwenye chupa. Kilichoandikwa humo ni saw palmetto, ambayo wataalamu huiita Serenoa repens. Ni mti mfupi wa jamii ya mitende na minazi, unaoota kusini-mashariki mwa Marekani, hasa Florida. Si mtende wa Madina wala wa Omani, na tunda lake si tende. Kulitajia Surat Maryam ni kuazima heshima ya Qur'an kwa ajili ya biashara.

Je, linatibu? Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima wanaume 225 kwa mwaka mmoja. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua, na haikuonekana tofauti. Mwaka 2011 ukatangazwa utafiti mwingine wa wanaume 369, ambamo kipimo kiliongezwa hadi mara tatu ya kawaida. Jibu likawa lile lile. Kwa uadilifu tuseme kwamba huko Ulaya kuna aina moja ya dawa ya tunda hili, iliyokamuliwa kwa njia maalumu, ambayo baadhi ya madaktari bado huikubali. Yule muuzaji hakutueleza vyake vilikuwa vya aina gani.

Wengine watasema: basi tuache ya Marekani, tuchemshe magome ya mlima wetu. Ni kweli kwamba katika misitu ya Kilimanjaro umo mti uitwao kitaalamu Prunus africana, na dawa inayotolewa katika gome lake imetumika Ulaya kwa tezi dume kwa miongo mingi. Tafiti 18 zilizokusanywa mwaka 2002 zilionyesha nafuu ya kiasi, ingawa nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Lakini hiyo ni dawa iliyopimwa kiwandani, si sufuria ya jikoni. Na mti ukibanduliwa gome pande zote hufa. Tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi imewekewa masharti ya kimataifa kwa kuhofiwa kutoweka.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na amemtwisha dhamana anayetibu watu bila ya kuijua tiba. Kuvimba kwa tezi kwa sababu ya umri na saratani ya tezi huweza kuanza kwa dalili zinazofanana, na saratani huweza kuanza bila dalili yoyote. Mkono wa daktari na kipimo cha damu ndivyo huanza kuonyesha njia, na hospitali ya KCMC hapa Moshi ina mabingwa wa njia ya mkojo. Zipo dawa za kulegeza njia, zipo za kupunguza tezi, na upo upasuaji. Anayemeza dawa yoyote ya miti amweleze daktari bila kuficha.

Kuanzia sasa hapana muuzaji wa dawa atakayesimama mbele ya jamaa hii. Na mzee anayeona haya kwenda peke yake, atuone sisi walimu baada ya sala, tutamsindikiza.

Wabillahi tawfiq.