Maji ya Mvua Kabla Hayajafika Mwanini



Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, wakulima wengi wamekuwa akina mama, nao hutegemea maji safi yenye chumvi. Mvua za masika huteremsha tope na taka. Tope huunyima mwani mwanga. Maji baridi yakizidi hudhoofika, ukageuka mweupe na kukatika kambani.

Naomba Chama Kikuu kichimbe bwawa mwishoni mwa mfereji, maji yatulie, tope lizame, kisha yapite polepole katika majani na mikoko. Bwawa halirudishi chumvi, lakini hupunguza kishindo. Lisipozolewa tope kila mwaka, ni kazi bure. Gharama yake iingizwe katika makadirio ya mwaka huu, kabla ya rangi ya ofisi.