Kwa Nini Kivinjari Huzuia Baadhi ya Matangazo Mtandaoni

Mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo na wakazi kuhusu usalama wa intaneti

 

Mwenye duka la vipuri anafungua tovuti yake asubuhi na kukuta nafasi ya tangazo ni tupu. Aliyelipia tangazo analalamika. Lawama ya kwanza huenda kwa mtandao, ya pili kwa simu. Lakini huenda vyote viwili havina kosa. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kimelikataa tangazo hilo, na kina sababu.

Anwani ya tovuti ikianza na https, habari husafiri kama barua iliyo ndani ya bahasha iliyofungwa. Ikianza na http, husafiri wazi. Anayeweza kuingilia njiani, kwa mfano kupitia Wi-Fi ya mkahawani, anaweza kuisoma na hata kuibadilisha.

Ukurasa mmoja hukusanywa kutoka sehemu nyingi. Habari hutoka kwa tovuti yenyewe. Tangazo hutoka kwa kampuni ya matangazo, ambayo nayo huita picha na skripti, yaani programu ndogo, kutoka kampuni nyingine. Tovuti ikiwa ya https na sehemu mojawapo ikaja kwa http, hayo ndiyo maudhui mchanganyiko. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Skripti iliyowekwa moja kwa moja kwenye ukurasa inaweza kusoma kinachoandikwa hapo na kubadilisha kinachoonekana. Ikichezewa njiani, mama anayelipa mtandaoni anaweza kuonyeshwa nambari ya malipo ya mwizi huku anwani ikionekana salama. Ndiyo sababu Firefox ilianza kuzuia skripti za namna hiyo mwaka wa 2013, na vivinjari vingine vikubwa huzizuia pia. Kwa picha, Chrome hujaribu kwanza kuileta kwa https. Ikishindikana, haionyeshwi.

Wenye tovuti wafanye nini? Waitake kampuni ya matangazo iwape msimbo ambao anwani zake zote ni za https, pamoja na zile zinazoitwa ndani ya tangazo. Wapo wanaoshawishika kuondoa https kwenye tovuti nzima ili tangazo lirudi. Hiyo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umegoma. Cheti cha https si lazima kigharimu pesa. Let's Encrypt imekuwa ikivitoa bure tangu 2015. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya data za watu kuzilinda.

Kwa mkazi, ushauri ni mfupi. Asizime kinga ya kivinjari kwa sababu ukurasa fulani umemwomba afanye hivyo. Akiona onyo kwamba tovuti si salama, asiandike nambari ya siri wala asilipe. Akumbuke pia kwamba https hulinda safari ya habari tu, haithibitishi uaminifu wa muuzaji. Hata tapeli anaweza kuwa nayo, kwa hivyo jina la tovuti lisomwe herufi kwa herufi.

Nafasi tupu ya tangazo ni hasara inayoweza kurekebishwa. Pesa zikishaingia kwa mwizi, kuzirudisha ni kazi nyingine.