Kumpisha Ndugu

Dominika ya 25 ya Mwaka B
Masomo: Hek 2:12, 17-20, Yak 3:16 – 4:3, Mk 9:30-37



Injili ya leo inatuonyesha mitume wakiwa safarini kuelekea Kafarnaumu. Njiani walikuwa wakibishana, na walipofika nyumbani Bwana akawauliza habari ya ubishi ule. Wakanyamaza. Walinyamaza kwa sababu waliona haya. Yeye alikuwa ametoka kuwaeleza habari za mateso na kifo chake, nao wakati ule ule walikuwa wakishindania ni nani kati yao aliye mkubwa. Yesu hakuwafukuza. Aliketi, akawaita wote Kumi na Wawili, akawafundisha kwamba mwenye kutamani nafasi ya kwanza hana budi kuishika ya mwisho na kuwa mtumishi wa wote. Kisha akamsimamisha mtoto mdogo katikati yao.

Fundisho hili tumelisikia mara nyingi, na pengine ndiyo sababu halitushtui tena. Tunalikubali tukiwa kanisani. Tukitoka nje tunaona kwamba dunia haiendi hivyo. Sokoni, ofisini na shambani, anayechelewa hupitwa, na anayempisha mwenzake huitwa mjinga. Kwa hiyo leo nataka tulitazame fundisho hili mahali ambapo linaonekana haliwezekani kabisa, yaani katika uwanja wa mashindano, ambamo kila mtu amekuja kwa nia moja tu: kuwa wa kwanza.

Jirani zetu Warundi wana nchi ndogo. Eneo lake lote halifikii kilometa za mraba 28,000. Mkoa wa Mbeya peke yake, hata baada ya Songwe kutengwa nao mwaka 2016, ni mkubwa kuliko Burundi nzima. Wakimbiaji wa nchi hiyo walijulikana katika mashindano mbalimbali ya dunia, lakini kwa miaka mingi hawakuweza kwenda katika Michezo ya Olimpiki, kwa kuwa nchi yao haikuwa na Kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Mmoja wao aliitwa Dieudonné Kwizera. Jina hilo la kwanza ni la Kifaransa, na maana yake ni aliyetolewa na Mungu. La pili ni la Kirundi, na maana yake ni kutumaini. Naye kweli alitumaini kwa muda mrefu. Michezo ya Seoul ya mwaka 1988 ilimpita akiwa kijana mwenye nguvu zake. Michezo ya Barcelona ya mwaka 1992 nayo ikampita. Hakuzuiwa na mguu mbovu wala na uvivu, bali alizuiwa na mlango ambao nchi yake ilikuwa bado haijafunguliwa.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1996, michezo ilipofanyika katika mji wa Atlanta huko Marekani. Kwa mara ya kwanza bendera ya Burundi iliingia katika uwanja wa Olimpiki. Lakini kwa Kwizera wakati ulikuwa umekwenda. Alisafiri na timu kama kocha, yaani kama mtu wa kuwaandaa wengine kwa mbio ambazo yeye mwenyewe alizingojea ujana wake wote.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana aitwaye Vénuste Niyongabo, aliyezaliwa mwaka 1973 huko Vugizo, kusini mwa Burundi, upande ule unaopakana na mkoa wetu wa Kigoma. Huyu alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani wa mita 1,500. Mwaka 1995, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Göteborg nchini Sweden, alishika nafasi ya tatu. Katika mbio hizo za mita 1,500 ndimo yalimokuwa matumaini ya medali ya nchi yake.

Wapendwa, tupime vema jambo hili. Medali ya Olimpiki kwa nchi maskini si kitu cha kila siku. Sisi Watanzania ni wengi kuliko Warundi mara nyingi. Tumekwenda Olimpiki tangu mwaka 1964, na mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024 tumepata medali mbili tu, zote za fedha, na zote katika michezo ya Moscow ya mwaka 1980: moja ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, na nyingine ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Taifa tajiri hupeleka mamia ya wachezaji, na huyu akishindwa, yule atashinda. Taifa dogo halina akiba ya namna hiyo. Linampeleka mtu mmoja au wawili wa kutegemewa, na watu nyumbani wanakaa karibu na redio wakiomba Mungu asijikwae.

Ndipo Niyongabo akafanya jambo lililowashangaza wengi. Nafasi yake katika mita 1,500 alimwachia Kwizera, ili kaka yake huyo aliyengoja miaka mingi naye akimbie katika Olimpiki walau mara moja maishani. Yeye mwenyewe akaingia katika mita 5,000, mbio ndefu zaidi ya mara tatu, ambazo alikuwa amezikimbia mara chache mno. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Niyongabo hakutoa kilichomzidi. Alitoa kile alichokiweza kuliko vyote, kama yule mjane wa Injili aliyetia hekaluni senti zake mbili.

Tarehe 3 Agosti 1996 ikawa fainali ya mita 5,000. Niyongabo alimaliza wa kwanza kwa dakika 13, sekunde 7 na sehemu 96 za sekunde, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu ya tano tu ya sekunde. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki, tena ya dhahabu. Iliwabidi kungoja miaka 20 kupata ya pili, Francine Niyonsaba alipopata medali ya fedha katika mita 800 huko Rio de Janeiro mwaka 2016.

Najua hadithi kama hii hupendwa kusimuliwa kwa namna moja: fulani alitoa, Mungu akamlipa maradufu, basi toeni nanyi, mtalipwa. Ndugu zangu, tusiisome hivyo. Huo ni ushindani ule ule wa mitume njiani, isipokuwa umevaa kanzu ya ibada. Anayempisha mwenzake kwa sababu anategemea kulipwa dhahabu hajampisha, amefanya biashara. Mtazameni Kwizera. Yeye hakupata medali. Alikimbia katika mchujo na hakufika fainali, na jina lake watu wachache wanalikumbuka. Je, zawadi aliyopewa ilipotea? Hata kidogo. Alipewa nafasi ya kukimbia, naye akakimbia. Na kama Niyongabo angeshindwa siku ile, tendo lake lingebaki jema vile vile mbele ya Mungu. Tofauti ni kwamba sisi tusingelisikia.

Yako jambo jingine tusilolisahau. Medali ile haikukomesha vita. Burundi ilikuwa katika mauaji tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Tarehe 25 Julai 1996, wanariadha wakiwa bado Atlanta, jeshi liliipindua serikali. Tarehe 9 Septemba mwaka huo huo, majuma matano tu baada ya medali, Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa njiani. Makambi ya wakimbizi upande wetu yalijaa. Mwalimu Nyerere alitumia miaka yake ya mwisho kuwapatanisha Warundi, akafariki mwaka 1999 kabla mkataba haujatiwa sahihi huko Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Na hata baada ya hapo bunduki hazikunyamaza mara moja.

Mtume Yakobo, katika somo la pili, anauliza vita na magomvi yetu vinatoka wapi, na jibu lake halizunguki: vinatoka katika tamaa zinazopigana ndani yetu. Mtu hutaka kitu, hakipati, anaua. Hivyo ndivyo vita vilivyo, viwe vya majeshi au vya ndugu wawili wenye mpaka mmoja wa shamba. Kila upande unasema: nikimpisha yule, nimekwisha. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba tendo la Niyongabo lilikuwa na thamani kuliko dhahabu yake. Katika nchi ambamo watu walikuwa wakiuana wagombee nafasi, mtoto mmoja wa nchi hiyo alisimama mbele ya ulimwengu akatoa nafasi yake.

Wala hakuwa peke yake. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi hiyo hiyo, watu wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kutengana. Waliuawa 40. Hawa hawakupata medali wala kupigiwa wimbo wa taifa. Lakini fadhila ni ile ile, nao waliifikisha mwisho wake: waliona heri kufa pamoja na ndugu kuliko kuokoka kwa kumtoa.

Mwinjili Yohane ametuachia habari ya mbio moja ambayo husomwa kwetu asubuhi ya Pasaka. Wanafunzi wawili wanakimbilia kaburini, Petro na yule mwanafunzi mwingine. Huyu mwingine ana mbio zaidi, anatangulia, anafika wa kwanza. Anainama, anachungulia, lakini haingii. Anamngoja Petro, naye Petro anaingia kwanza. Petro, kumbukeni, ni yule aliyemkana Bwana mara tatu siku chache kabla. Mwenye mbio angeweza kusema: mimi nilisimama chini ya msalaba, mimi nimefika kwanza, haki ni yangu. Hakusema hivyo. Alimpisha mwenzake mlangoni, kisha naye akaingia, akaona, akaamini. Kumpisha Petro hakukumnyima kitu.

Sasa turudi hapa kwetu Madibira. Sisi hatuendi Olimpiki, lakini tunayo mashindano yetu, na ninyi mnayajua kuliko mimi. Tunaishi kwa mpunga, na mpunga huishi kwa maji ya mto Ndembera. Maji ni machache kuliko majaruba. Tunajua kwamba Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, ulikauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo umekauka mara nyingi. Kwa sababu hiyo tumewekeana zamu. Zamu ni haki, na asiyeiheshimu ni mwizi, hata kama anafungua mfereji usiku pasipo kuonekana na mtu. Huo ndio mwanzo wa Injili: kutochukua cha mwenzako.

Lakini Injili haiishii hapo. Itakuja siku zamu ni yako, maji yamefika mlangoni kwa jaruba lako, na mpunga wako unaweza kuvumilia siku mbili zaidi. Chini yako yuko mama mjane ambaye mpunga wake unachanua na udongo umeanza kupasuka. Siku hiyo hakuna sheria itakayokulazimisha. Mwenyekiti wa mfereji hatakuuliza. Ukiyaachia maji yaende kwake, huenda usilipwe kitu, na huenda watu wakakucheka. Huo ndio uwanja wako wa Atlanta. Hapo ndipo tutakapojua kama somo la leo tulilisikia.

Hali kadhalika nyumbani. Mzee amekuwa kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo miaka mingi. Yuko kijana anayeweza, lakini hajapewa nafasi. Mzee na ampishe, kisha amsaidie. Dada mkubwa aliacha shule ili wadogo zake wasome kwa jembe lake; leo wao wana mishahara, naye bado analima. Kwizera huyo yumo ndani ya nyumba yako. Amengoja miaka mingi, anashangilia wengine wakikimbia. Mwulize alitamani nini, na kama muda ungalipo, mpe nafasi.

Ndugu wapendwa, katika juma hili kila mmoja wetu atafute nafasi moja iliyo haki yake kabisa, amwachie mwenzake anayeihitaji zaidi. Moja tu. Aifanye kimya, asiitangaze jumuiyani, wala asihesabu siku akingoja malipo. Na akijisikia moyoni kwamba amepoteza, amkumbuke Yeye aliyekuwa wa kwanza katika vyote, akaishika nafasi ya mwisho kabisa juu ya msalaba, ili sisi tupite.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.