Dakta Howard Olson na Tuni za Nyumbani



Mnamo mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, mtumishi wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipanda kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala akiwa na fonografu. Watu waliimba mbele ya pembe ya chombo hicho, na sauti zao zikachorwa juu ya silinda za nta na kupelekwa Ujerumani. Leipzig ndiko Johann Sebastian Bach alikoongoza muziki wa kanisa tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750. Hivyo mtu kutoka mji wa mwanamuziki mkuu wa Walutheri alizisikia nyimbo za kusini mapema kabisa. Ila alizichukua ziwe vitu vya kuchunguzwa, si vya kuimbwa ibadani. Kazi ya kuzipa tuni za Kiafrika nafasi katika ibada ya Kilutheri ilimngoja mtu aliyefika nchini miaka 40 baadaye.

Mtu huyo ni Howard Olson. Alizaliwa mwaka 1922 huko St. Paul, Minnesota, Marekani, akaja Tanganyika mwaka 1946 kama mmisionari, na akatumika mpaka 1988. Hakuwa mpiga kinanda wa majumba makubwa. Alikuwa mwanalugha: tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1964 ilihusu Kinyaturu, lugha ya Singida ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kugeuza maana ya neno. Mtu aliyezoea kusikiliza kwa namna hiyo hawezi kuketi kanisani bila kutambua kinachosumbua nyimbo zilizotafsiriwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani huanza na noti nyepesi na kumaliza mstari kwa noti nzito. Mfasiri akijaza maneno bila uangalifu, silabi ya mwisho ya “Mungu” au “Bwana” ndiyo inayobeba uzito wote, na neno linatamkwa kinyume na linavyosemwa sokoni na nyumbani. Wazee wamelizoea hilo kiasi cha kutolisikia tena. Mtoto hulisikia.

Katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Usa River, Olson aliwapata wanafunzi kutoka pande mbalimbali za nchi, kila mmoja amekuja na tuni za kwao kichwani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa limeundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lakini kuunganisha katiba ni kazi nyepesi kuliko kuunganisha uimbaji. Tuni hizo ziliandikwa kwa noti, zikatafutiwa maneno yanayokaa sawasawa na mkazo wa lugha, zikatolewa katika kitabu “Tumshangilie Mungu”. Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa Makumira, aliandika “Mfurahini, Haleluya” mwaka 1966. Wilson Niwagila akaandika “Njoo kwetu, Roho mwema”. Olson alizitafsiri kwa Kiingereza, na zote mbili zimo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Safari hii tafsiri ilikwenda upande wa pili, na Wamarekani ndio waliopaswa kubana maneno yao ndani ya tuni ya watu wengine.

Olson alifariki mwaka 2010. Haifai kumsifu kupita kiasi. Karatasi haibebi mlio wote wa ngoma. Tuni ikishaandikwa, mwalimu wa kwaya asiyeijua asili yake huifundisha ikiwa imekauka. Wala nyimbo za Kijerumani si mzigo wa kutupwa, kwa maana kuna Wakristo waliozikwa na wengine waliofarijiwa kwazo.

Lakini Nachingwea na Ruangwa zina swali lao. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliwaleta Nachingwea wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania. Katika hali hiyo ni rahisi kwaya kuchukua nyimbo zilizokwisha tengenezwa kaskazini, au kuiga rekodi za mijini, huku tuni za Kimwera zikibaki shambani na katika sherehe. Kuzichukua si kazi ya pupa. Nyingine ni za jando na unyago, na bibi anayezijua anaweza kukataa kuziimba mbele ya kwaya. Kukataa kwake kuheshimiwe. Wimbo wa kulimia, wa kutwangia au wa kumbembeleza mtoto hauna miiko hiyo. Unahitaji mwalimu wa kwaya mwenye solfa na daftari, aketi na bibi huyo jioni mbili tatu, aandike anachosikia, kisha amrudie na kumwimbia alichoandika ili amsahihishe palipoharibika, kabla maneno ya Zaburi hayajawekwa juu yake.